TULIE WAFU WETU, TUSITAFUTE WA KUUA

Masomo: 2 Samweli 21:1-14; Yohana 11:17-44; Warumi 12:15-21



Neno la leo ni juu ya kilio. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuhubiri juu ya kilio kwa watu ambao hawajaacha kulia? Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Machi 1993, wakati damu ilipomwagika sokoni Ntoto na moto ukaenea mpaka Masisi yote, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Tangu siku ile ameona vita vya 1996, vita vya 1998, taabu ya 2009 na 2010, na tena mwaka 2025, vita vilipoingia Masisi-kati mwezi wa Januari na kufika Walikale-kati mwezi wa Machi. Mtu kama huyo anahitaji kufundishwa kulia?

Najibu: ndiyo. Tumelia sana, lakini mara nyingi hatukulia mpaka mwisho. Tulianza kilio, risasi zikasikika, tukakimbia. Tulichimba kaburi usiku kwa haraka, hata wimbo mmoja hatukuumaliza. Wengine hatukuona maiti kabisa. Basi kilio kikabaki ndani ya tumbo. Na kilio kinachobaki tumboni hakikai kimya, kinatafuta mlango wa kutokea. Kwa mtu mmoja kinatoka kama pombe. Kwa mwingine kinatoka kama maneno: «Jirani ndiye amemla mtoto wangu.» Kwa kijana kinatoka kama bunduki. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Na sisi tuseme: mficha kilio, maovu humfichua.

Kwa hiyo neno la leo ni moja, mlishike nyumbani na shambani: mfu wetu anadai machozi yetu, hadai damu ya mtu mwingine.

KULIA SI KUKOSA IMANI

Wako watu wanaofika mahali pa kilio na kumwambia mama aliyepoteza mtoto: «Nyamaza, wewe ni mtu wa maombi, mtu wa maombi halii.» Neno hilo wamelitoa wapi? Katika Maandiko halimo.

Tazameni Bethania. Lazaro ana siku nne kaburini. Yesu anajua kwamba baada ya dakika chache atamwita naye atatoka. Hata hivyo, alipomwona Mariamu akilia na watu wakilia, yeye naye alilia machozi. Kama yule mwenye ufunguo wa kaburi mkononi mwake alilia, mimi na wewe ni nani tusilie? Ibrahimu alimlilia Sara, kisha akanunua shamba kwa fedha halali ili amzike kwa heshima (Mwanzo 23). Waisraeli walimlilia Musa siku thelathini, na hawakuona haya ingawa alikuwa rafiki wa Mungu (Kumbukumbu la Torati 34:8). Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua mwili wa Sauli ukutani kwa adui, wakaizika mifupa yake na kufunga siku saba (1 Samweli 31). Naye Paulo, alipowaandikia Wathesalonike, hakuwakataza huzuni. Aliwakataza huzuni ya wale wasio na tumaini. Huzuni yenye tumaini ni ya watu wa Mungu.

Na wazee wetu walilijua jambo hili mbele ya wamisionari kufika. Mtu akifa, jirani hakuuliza kwanza kabila wala kanisa. Alichukua kuni, akachota maji, akaleta mkungu wa ndizi, akaketi chini pamoja na wafiwa. Mwenye msiba hapiki, mwenye msiba halali peke yake. Hii ni kazi takatifu. Marafiki wa Ayubu walipomjia waliketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno (Ayubu 2:13). Siku zile saba walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua kinywa na kuanza kutafuta sababu ya msiba wake, ndipo walipomkosea yeye na kumkosea Mungu.

WAFU WASIO NA KABURI

Sasa tuje kwa Rispa binti Aya. Wengi wetu hawajasikia akihubiriwa, lakini mama huyu angekuja leo Kibua, mama zetu wangemtambua kama dada yao.

Nchi ilikuwa na njaa miaka mitatu. Sababu ilikuwa damu ya zamani: mfalme Sauli aliwaua Wagibeoni, na damu ile haikusemwa wala kulipwa. Mfalme Daudi akawauliza Wagibeoni wanataka nini. Hawakutaka fedha wala dhahabu. Walitaka wanaume saba wa nyumba ya Sauli, wakapewa: wana wawili wa Rispa na wajukuu watano wa Sauli. Wakatundikwa mlimani siku moja, mwanzo wa mavuno ya shayiri, na miili ikaachwa pale bila kuzikwa.

Rispa alifanya nini? Hakuwa na jeshi, na mume alikwisha kufa. Alichukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akaketi kando ya maiti. Mchana aliwafukuza ndege, usiku aliwafukuza wanyama wa pori. Siku kwa siku, tangu mavuno mpaka mvua iliponyesha kutoka mbinguni. Hakulia wana wake wawili tu, aliwalinda wote saba, hata wale watano wasiokuwa wa tumbo lake. Habari ikamfikia mfalme. Akaagiza mifupa ya Sauli na Yonathani iletwe kutoka Yabesh-Gileadi, akakusanya na mifupa ya wale saba, ikazikwa katika nchi ya Benyamini.

Sikilizeni sasa mwisho wa habari, katika mstari wa kumi na nne. Andiko halisemi kwamba Mungu aliisikia nchi siku wale saba walipouawa. Linasema Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi, akakubali, baada ya mifupa kuzikwa. Watu walidhani nchi itapona kwa kuongeza maiti juu ya maiti. Kumbe nchi ilipona wakati wafu walipoliliwa na kuzikwa kwa heshima. Mjane mmoja mwenye gunia alifanya ambacho kisasi cha watu wengi hakikuweza.

Wapendwa, hapa kwetu wako wafu wengi wa pori. Wako waliozikwa kando ya njia wakati watu wanakimbia, na leo majani yameota, hakuna ajuaye mahali. Wako walioingia msituni na hawakurudi. Mama yao akisikia mbwa anabweka usiku, bado anainua kichwa. Msiba wa namna hii ni mgumu kuliko ule wenye kaburi, kwa maana moyo hauna mahali pa kuketi. Leo mama anasema: «Amekufa.» Kesho anasema: «Labda yu hai.» Mume hajui kama yeye ni mjane au sivyo. Watoto wanaogopa kumlilia baba yao, wasije wakamuua kwa machozi.

Mkumbukeni Simon Kimbangu wa Nkamba. Alianza kuhubiri na kuponya mwaka 1921. Mwaka ule ule, tarehe 3 Oktoba, mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo, kisha mfalme wa Ubelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka thelathini kule Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mbali sana na nyumba yake. Alifia huko tarehe 12 Oktoba 1951, akazikwa huko huko. Mke wake, mama Marie Muilu, alibaki Nkamba na watoto wake, akawachunga waamini kwa siri miaka ile yote ya mateso. Mama huyo alikufa mwezi wa Aprili 1959. Mwili wa mume wake ulirudishwa Nkamba mwaka 1960. Yeye hakuuona ukirudi.

Fikirini hilo. Mama alilia miaka mingi bila kaburi mbele yake, akafa kabla ya siku ya furaha. Je, kilio chake kilipotea? Hapana. Kilimlinda asimsahau mume wake, na hakikumgeuza kuwa mtu wa chuki. Mungu alipokea machozi yake pale alipokuwa, bila kungoja jeneza lifike.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaolia bila kaburi: Mungu hahitaji kaburi ili ajue mahali pa mtoto wako. Musa mwenyewe hakuna mtu ajuaye kaburi lake hata leo, lakini Mungu alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemzika (Kumbukumbu la Torati 34:6). Hata hivyo moyo wa mwanadamu unahitaji siku na mahali. Basi jamaa iliyokosa maiti isikose kilio. Mketi siku moja, mwite majirani, mtaje jina lake, mseme alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alimfanyia nani mema. Pandeni mti au wekeni jiwe. Kisha mwombe, mle pamoja, mmalize kilio. Naye akirudi hai, tutacheka pamoja na kumshukuru Mungu, hakuna laana ndani yake.

Vile vile msihukumu mkono uliokatazwa kugusa. Wakati Ebola ilipotushambulia katika Kivu Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Jamaa walikatazwa kuosha maiti na kuikumbatia, kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa ule unaambukiza sana. Wengine bado wanalia wakisema: «Nilimwacha mama yangu azikwe na watu waliovaa plastiki.» Hukumwacha. Ulilinda watoto wa mama yako. Upendo hauko katika maji ya kuosha tu.

MSIBA USIO NA MAITI

Kuna msiba mwingine ambao hatuusemi kanisani. Nitausema kwa heshima, kwa maana umetupata hapa hapa.

Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 2010, makundi ya silaha yaliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya kutoka Kibua kwenda Mpofi, na Luvungi ni kimoja chao. Umoja wa Mataifa ulipofanya uchunguzi ulihesabu watu wasiopungua 387 walionajisiwa kwa nguvu: wanawake, wasichana, wanaume na hata wavulana. Nyumba ziliporwa kwa mamia, na watu walitekwa ili kubeba mizigo ya wale waliowaibia.

Baada ya siku zile hakukuwa na siku za kilio, kwa maana watu husema kilio ni cha mfu. Lakini mtu anaweza kufiwa na amani yake, na usingizi wake, na furaha ya nyumba yake, naye bado anapumua. Tamari binti Daudi alipotendewa jambo lile baya alijitia majivu kichwani, akalirarua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti, kama watu wanavyomlilia mfu (2 Samweli 13). Ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze. Kisha Absalomu mwenyewe alinyamaza miaka miwili, akaweka chuki moyoni, akaua. Tazama: Tamari alinyimwa kilio, nyumba nzima ya Daudi ikaharibika.

Ndugu wanaume, sikilizeni. Kama yuko kati yetu aliyemfukuza mke wake kwa sababu ya mabaya aliyotendewa na watu wenye silaha, huyo ameongeza jeraha juu ya jeraha. Hakuna unajisi juu ya aliyetendewa, unajisi u juu ya aliyetenda. Na mtoto aliyezaliwa kwa sababu ya siku kama zile hana deni la mtu yeyote. Apewe jina zuri, abatizwe, aketi pamoja na watoto wengine. Na ninyi mama zetu, na ninyi wanaume mnaoficha, msione haya kulia hili mbele za Mungu na mbele ya mtu mmoja mnayemwamini. Mwende na hospitalini, kwa maana Mungu anayesikia maombi ndiye aliyempa mganga akili.

«NANI AMEMLA?»

Sasa nakuja kwa jambo lililo hatari sana mahali pa kilio. Mtoto amekufa. Maiti bado iko nyumbani. Na kona moja ya uwanja sauti inaanza: «Mtoto huyu hakufa bure. Nani amemla?» Macho yanatafuta. Mara nyingi yanatua juu ya nani? Juu ya bibi mzee aliye mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, asiye na mwana wa kumtetea. Au juu ya mtoto yatima anayelishwa na jamaa wengine. Kesho yake tunakuwa na maiti mbili badala ya moja, na ya pili tumeiua sisi.

Wapendwa, tuulize kweli. Watoto wetu wanakufa kwa nini? Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilitoa uchunguzi wake, likakadiria kwamba tangu Agosti 1998 watu 5,400,000 walikuwa wamekufa katika Kongo zaidi ya wale ambao wangekufa kama nchi ingekuwa katika hali ya kawaida. Wataalamu wengine waliibishia hesabu hiyo. Lakini neno moja kubwa lilionekana: sehemu kubwa ya vifo haikuwa ya risasi. Ilikuwa malaria, kuhara, ugonjwa wa mapafu na utapiamlo, magonjwa ambayo dawa yake inajulikana. Vita vilifunga barabara, vikapora sanduku la dawa, vikamfukuza muuguzi, vikawalaza watoto porini penye mbu na baridi. Huyo ndiye aliyewala watoto wetu. Bibi mzee wa jirani naye alizika wajukuu wake kwa ugonjwa ule ule.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa swali lao (Yohana 9). Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu kumi na wanane, watu walitafuta makosa ya wale waliokufa. Yesu alikataa tena, akawaambia watubu wao wenyewe (Luka 13). Mara mbili swali la «nani?» lilifika mbele ya Bwana, na mara mbili aliligeuza. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kuliuliza juu ya maiti?

Nanyi ndugu zangu mlio na karama ya unabii na maono, neno hili ni lenu kwanza. Kanisa letu linaheshimu maono, kwa maana Roho hakunyamaza. Lakini Yohana anatuagiza kuzijaribu roho (1 Yohana 4:1), na Torati inadai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa (Kumbukumbu la Torati 19:15). Roho ya Mungu huja mahali pa kilio kama Mfariji, ndilo jina alilopewa na Yesu. Roho inayokuja mahali pa kilio na kutaja jina la jirani ili apigwe, afukuzwe au achomwe moto, hiyo siyo Mfariji. Hata ikisema kwa lugha tamu, hata ikitanguliwa na wimbo wa kanisa, ikataeni. Na mtu aliyeona ndoto juu ya kifo aipeleke kwa wazee wa kanisa kwa siri, asiitangaze uwanjani mbele ya vijana wenye uchungu.

KISASI HAKIZIKI MTU

Ndugu vijana, najua mnachobeba. Kijana ameona baba yake anauawa, au amesimuliwa tangu utoto: watu wa kabila fulani ndio waliotuua. Anasema: «Nikiingia porini na kuchukua bunduki, roho ya baba itapumzika.» Nakuuliza, mwanangu: wale waliomuua baba yako, wao nao hawakusema vivyo hivyo juu ya baba yao? Kati ya Masisi na Walikale wamelala Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo, Wakumu. Udongo umewapokea wote, na kila kabila lina wajane wake. Siku utakayokufa porini, kaburi lako litakuwa la wale wasiojulikana, na mama yako ataanza kilio kingine kabla ya kumaliza cha kwanza.

Wazee wa Kinyanga wana habari ndefu ya Mwindo. Mwindo alichukiwa na baba yake Shemwindo tangu kuzaliwa. Baba alitaka kumuua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo alipata nguvu, watu wa Tubondo wakaangamia, baba akakimbilia chini ya ardhi, mtoto akamfuata mpaka kwa Muisa. Nasi tungengoja amuue. Lakini sivyo wazee walivyosimulia. Mwindo alimrudisha baba yake nyumbani, akawafufua watu wa Tubondo, baba akakiri makosa yake mbele ya watu wote, na utawala ukagawanywa kati yao kwa amani. Habari hii si Biblia. Lakini inatuonyesha kwamba hata wazee waliokaa katika msitu huu kabla ya kusikia Injili walijua: shujaa ni yule anayewarudishia watu uzima, na neno baya halimaliziki mpaka lisemwe mbele ya watu.

Paulo anatuagiza kumwachia Mungu kisasi (Warumi 12:19). Msifikiri maana yake ni kumfungia hakimu mlango. Kwa mabaya ya mwaka 2010 katika barabara ya Kibua na Mpofi, mashahidi walisimama, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi katika Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi moja la silaha, kifungo cha maisha. Miaka kumi ilipita. Ni mingi, na wengi waliotenda mabaya hawajahukumiwa. Lakini hukumu ile haikuzaa yatima mwingine. Aliye na neno la kushuhudia alishuhudie mbele ya hakimu, wala asimfuate mtu usiku na panga.

BAADA YA SIKU ZA KILIO

Neno moja fupi kwa jamaa. Wako wanaolia sana mchana, na usiku wanahesabu mabati. Maiti haijapoa, shamba la mjane limekwisha kupata mwenyeji mwingine, mbuzi wake wamefungwa kwa kamba ya shemeji. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama mayatima na wajane katika dhiki yao (Yakobo 1:27). Kumtazama mjane ni kumlinda, si kukitazama kitu chake. Na kilio kisimfanye maskini kuwa maskini zaidi: anayekuja kulia aje na kuni, au unga, au mikono yake, asije na njaa yake tu. Siku ya arobaini, wakati wote wamekwisha kwenda, hapo ndipo mlango wa mjane unahitaji kubishwa hodi.

Nasi sote tufanye hivi. Kila nyumba iandike majina ya wafu wake, waliozikwa na wasiozikwa, tangu wale wa 1993 mpaka wa mwaka huu. Asiyejua kuandika amtume mtoto wa shule. Majina hayo yasomwe kanisani kwa sauti, moja moja, bila haraka, na asiulizwe mtu kabila la aliyekufa. Rispa aliwalinda wote saba, nasi tutawataja wote. Baada ya majina tulie. Baada ya kulia tuimbe.

Maana tunalo tumaini, wapendwa. Yesu mwenyewe alikufa kijana, aliuawa na watu wenye silaha, mbele ya macho ya mama yake. Alizikwa kwa haraka kwa sababu Sabato iliwaingilia, katika kaburi la kuazimwa. Mama walikwenda siku ya tatu ili wamalize kazi ya maziko waliyokuwa hawajaimaliza. Walikwenda na manukato, wakiuliza nani atawavingirishia jiwe. Wakakuta jiwe limekwisha kuvingirishwa. Habari ya kufufuka iliwafikia kwanza wale waliokwenda kulia. Na yeye aliyefufuka hakurudi kuwatafuta waliomuua, alirudi na neno la amani.

Tuombe.

Ee Mungu wa baba zetu na mama zetu, wewe unawajua wafu wetu waliolala msituni, mtoni na kando ya njia. Hakuna mfupa uliofichika kwako. Pokea kilio chetu ambacho hatukukimaliza. Waponye waliojeruhiwa miili na mioyo. Funga kinywa cha anayetaja jina la jirani kwa uongo. Shika mkono wa kijana kabla haujashika bunduki. Walinde wajane na mayatima, na uinyeshee nchi yetu mvua ya amani, kama ulivyoinyeshea nchi ya Rispa. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyelia kaburini kwa Lazaro na kulishinda kaburi lake mwenyewe.

Amina.